Kama ni mazuku, kwa nini mlozi anatafutwa?

Swali: "Jambo Prof. Nafundisha darasa la sita hapa Goma, upande wa Lac Vert, njia ya kwenda Sake. Mwezi uliopita mtoto wa jirani, wa miaka mitano, alikutwa asubuhi amelala kwenye shimo lililo nyuma ya kiwanja chao, amekufa, na mbuzi mmoja kando yake. Kila mtu alisema ni mazuku, ile hewa ya sumu ya mashimoni. Hata baba yake, ambaye ni infirmie (muuguzi) mwenye diplome, alisema mazuku. Siku ya nne walienda kwenye chumba cha maombi, wakarudi na jina: koko wa mtoto, mama mzazi wa huyo baba. Sasa koko analala kwangu. Mtu anawezaje kujua kwamba ni hewa iliyoua, na papo hapo akamfukuza mama yake? La pili, na usinikasirikie: mimi ni msimamizi wa shirika letu parokiani. Nikikubali kwamba mambo ya ulozi yanatengenezwa na akili ya binadamu, je, Mungu ninayemwomba naye ataenda njia hiyo hiyo? Mama Mwalimu, Goma."

Mama Mwalimu, pole sana. Umefanya vema kumpa koko mahali pa kulala kabla ya kuandika swali. Wengi huandika kwanza.

Nianzie shimoni. Nilipokuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu tulipelekwa, vijana kumi na wawili, kwenye kibonde kimoja karibu na Bulengo. Mkubwa wetu alifunga taa ya chemli kwenye fito ndefu, akaishusha polepole. Juu ya majani iliwaka vizuri. Ilipofika usawa wa goti ikazimika, bila upepo wowote, kana kwamba mtu ameuminya utambi kwa vidole. Chini tuliona panzi waliokauka, ndege mdogo mmoja, na kandambili ya mguu wa kushoto. Harufu, hakuna. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mchungaji, alirudi nyuma hatua tatu akasema "Yesu". Mimi nilirudi nne.

Tunachokiita mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutiririka kama maji na kutuama bondeni. Hewa ya kawaida ina gesi hiyo kiasi cha asilimia 0.04 tu. Ikizidi asilimia 10 mtu huzimia ndani ya dakika chache, na kwenye mashimo ya kwetu huzidi hapo. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia na jua bado, ndipo shimo hujaa. Halafu kuna kimo. Mtu mzima akisimama humo, kichwa chake huweza kuwa juu ya gesi. Mtoto wa mita moja yumo ndani yake mzima, na mbuzi vilevile.

Sasa angalia nilichofanya. Umeniuliza kuhusu koko, nami nimekujibu kuhusu kimo. Nimeeleza namna gani. Baba wa mtoto hakuuliza namna gani. Yeye ni infirmie, huenda angenisahihisha hata mimi kwenye hizo asilimia. Anachouliza ni kwa nini mtoto wake, asubuhi ile, wakati shimo lilikuwapo kabla hajanunua kiwanja, na watoto wa kartie nzima, yaani mtaa wote, wameokota mipira humo miaka yote.

Swali hilo limefanyiwa kazi siku nyingi, na kazi iliyo maarufu zaidi inahusu watu wa nchi yetu wenyewe, Wazande, ambao leo wamegawanyika kati ya Uele yetu ya Kongo, Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Evans-Pritchard, aliandika habari zao mwaka 1937. Watu hukaa kivulini chini ya ghala la nafaka, wakicheza na kuzungumza. Siku moja ghala linaanguka na kuwaumiza. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, hakuna anayebisha. Wanajua pia kwamba watu walikaa pale kwa sababu ya jua. Wanachouliza ni kwa nini mchwa wamalize nguzo dakika ile ile ambayo watu hawa, si wengine, wamekaa chini yake. Sisi wa chuo tunasema "ni bahati mbaya", na tukishasema hivyo tunadhani tumejibu. Mzande anasema ni ulozi. Ana hata mfano wake wa mawindo: mnyama akichomwa mikuki miwili, wa kwanza na wa pili, wote wawili ndio waliomuua. Mchwa ni mkuki mmoja, ulozi ni wa pili.

Kwa hiyo baba huyo hajachanganyikiwa, wala diplome yake haikuwa bure. Mazuku ni mkuki wake wa kwanza.

Ninasisitiza hili kwa sababu walimu, na mimi nimo, tuna ugonjwa wa kudhani kwamba sayansi ikiingia kichwani kwa mlango wa mbele, ulozi hutoka kwa mlango wa nyuma. Watafiti Cristine Legare na Susan Gelman walichapisha mwaka 2008 uchunguzi kutoka Afrika Kusini, wakati UKIMWI ukiua kila mtaa. Waliwauliza watoto na watu wazima ugonjwa huo unatoka wapi. Watu walivijua virusi, walijua na njia ya kuambukizwa. Ulozi nao ulibaki, haukutoweka kwa kukua wala kwa kujifunza biolojia. Wengine waliviunganisha hivi viwili kwa ufundi kabisa: virusi ndivyo vinavyoua, lakini mlozi ndiye aliyekupumbaza ukalala na mwenye virusi. Na huko Madagascar, kwa Wavezo, Rita Astuti na Paul Harris waliuliza watu kama marehemu bado anaona, anakumbuka, anatamani. Waliposimuliwa kwanza habari ya mtu aliyefia hospitalini, wengi walijibu kwamba mambo hayo yamekwisha. Waliposimuliwa habari ya kaburi na tambiko, wengi zaidi walisema bado anakumbuka watoto wake. Kichwa cha Mvezo kina vyumba viwili, na chumba gani kifunguliwe inategemea nani amebisha hodi.

Jirani yako siku ya kwanza alibishiwa hodi na maiti ya mwanawe, na mikono yake ya kiinfirmie ikajibu: hapumui, hakuna jeraha, shimo, mazuku. Siku ya nne alibishiwa hodi na watu wa maombi.

Tuje kwenye "nani". Kwa nini akili ya binadamu, ikikosa sababu, hutafuta mtu? Jibu lililokuwa maarufu tangu miaka ya 1990 ni kwamba akili yetu ni kama mbwa wa mlinzi: majani yakitikisika porini, ni afadhali udhani ni chui ukakimbia bure kuliko udhani ni upepo ukaliwa. Stewart Guthrie aliyaandika hayo mwaka 1993, na Justin Barrett akayaendeleza: tunaona watu penye upepo, na huko ndiko miungu na mizimu inakoanzia. Ni nadharia tamu, niliifundisha kwa miaka. Majaribio ya baadaye hayakuipa nguvu nyingi: kumtisha mtu gizani hakumfanyi aamini mizimu zaidi ya jana. Na kwetu Goma, ambako geti likigongwa saa nane ya usiku mara nyingi ni mtu kweli, sioni kama tunahitaji nadharia kueleza kwa nini tunashtuka.

Mimi siku hizi navutwa na jibu jingine, la polepole zaidi. Kusoma moyo wa mwenzako ni kazi ngumu ambayo mtoto hufundishwa. Unalijua jaribio la Wimmer na Perner la mwaka 1983? Lifanye nyumbani. Mwambie mtoto wa miaka mitatu: Kito ameweka andazi lake kwenye sufuria, ametoka kucheza. Mama yake amelihamishia kabatini. Kito akirudi atalitafuta wapi? Wa miaka mitatu atasema kabatini, kwa sababu ndiko liliko. Wa miaka mitano atacheka na kusema kwenye sufuria. Amejua kwamba kichwani mwa Kito kuna jambo lisilo la kweli.

Inaonekana kama meno, yanaota yenyewe. Lakini kuna habari ya viziwi wa Nicaragua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi walikusanywa shuleni huko Managua na wakaanza kubuni lugha yao ya ishara. Kundi la kwanza lilikua na ishara chache mno za "kudhani" na "kujua". Jennie Pyers na Ann Senghas waliwapima wakiwa watu wazima, na wengi wao walishindwa jaribio la andazi, watu wenye kazi na familia. Walipochanganyika na wadogo zao waliokuwa na ishara hizo, wakazijifunza, wakapimwa tena baada ya miaka kama miwili, walifanya vizuri zaidi. Cecilia Heyes na Chris Frith walifika mbali zaidi mwaka 2014: wanasema tunafundishwa kusoma mioyo kama tunavyofundishwa kusoma barua. Si wote wanaokubali, maana watoto wachanga nao huonyesha dalili za mapema. Lakini wewe ni mwalimu, chukua upande wa mafundisho tu. Kama kusoma mioyo kunafundishwa, basi kuna mitaala tofauti.

Nimewahi kukaa kwenye vyumba vya maombi zaidi ya kumi na watano hapa mjini, nikiwa na kalamu na ruhusa ya wenyewe. Maswali yanafanana. Nani alikuja kwenu kabla ya msiba? Nani alimpa mtoto kitu cha kula? Nani hupenda kukaa peke yake? Kuna ndoto uliota? Na lile ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko yote: nani hakulia? Mama mzee wa miaka sabini na zaidi, aliyezika mume, watoto, pengine na wajukuu wengine wakati wa vita, halii kwa kelele. Anakaa ukutani, mikono mapajani, macho makavu. Mtu aliyefundishwa mtaala mmoja anaona pale uchovu wa huzuni. Aliyefundishwa mtaala wa pili anaona kuridhika. Uso ni ule ule. Na methali zetu zimeshaandaa njia, kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo hakuna anayetafuta mlozi kartie ya mbali. Anatafutwa aliye jikoni.

Sitaki udhani nasema wachungaji wote ni waongo. Wapo wanaofanya biashara, nawajua kwa sura. Lakini wengi niliowahoji wanaamini wanachofanya, na ndiyo maana kinaenea.

Kinaeneaje? Kwanza kwa kukumbukika. Pascal Boyer, aliyefanya kazi yake kwa Wafang wa Kamerun, aliwahi pamoja na Charles Ramble kujaribu kumbukumbu za watu Gabon, Ufaransa na Nepal, wakachapisha mwaka 2001. Walikuta kote kwamba kitu cha kawaida kinasahaulika, ila kitu cha kawaida chenye kasoro moja ya ajabu kinabaki kichwani. Mwanamke mzee anayeuza mboga, umemsahau. Mwanamke mzee anayeuza mboga na usiku anapita ukutani, huyo utamsimulia mkeo.

Pili, kwa ushuhuda. Hapa Goma tuna mfano ambao kila mtu anaubeba mfukoni. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikasimama Buhene kabla ya kufika uwanja wa ndege na katikati ya mji. Umesikia mara ngapi kwamba maombi ndiyo yaliyoisimamisha? Mimi nimesikia kwenye teksi, harusini, kwa kinyozi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ile ile iliingia katikati ya mji mpaka ziwani, ikaila kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makao. Siku ile nako watu waliomba. Niliwasikia, tulikuwa pamoja njiani kuelekea Gisenyi na magodoro kichwani. Maombi ya 2002 hayana ushuhuda wake. Si kwamba watu wanaficha. Ushuhuda unahitaji mtu wa kusimama mbele aseme "nami nilipona", na nyumba zilizoungua Buhene, pamoja na watu zaidi ya 30 waliokufa mwaka ule wa 2021, hazina wa kuzisemea.

Tatu, na hapa mambo yanapendeza, imani huweza kuwa na kosa na bado ikalisaidia kundi zima. Nathan Nunn na Raúl Sánchez de la Sierra waliandika mwaka 2017 kuhusu kijiji kimoja cha Kivu Kusini kilichokuwa kikishambuliwa na watu wenye silaha. Kikapata dawa ya kuzuia risasi. Unazijua dawa hizi tangu enzi za waasi waliopiga kelele "Mai Mulele" mwaka 1964, na kabla yake Maji Maji ya Tanganyika. Dawa ina miiko: usiibe, usimguse mwanamke, usile hiki, usinywe kile. Akifa kijana, miiko imevunjwa, nani atabisha? Risasi haijali dawa, na kijana mmoja mmoja amedanganyika. Lakini vijana wote wakiiamini kwa pamoja wanasimama badala ya kukimbia, na washambuliaji wakiona watu wanasimama wanakwenda kutafuta kijiji chepesi. Jirani naye akiona hivyo anakuja kuomba dawa. Ndivyo imani isiyo ya kweli inavyoweza kusafiri milimani bila mhubiri.

Hapo ndipo ninapoanza kujibu swali lako la pili, Mama Mwalimu, nami sikasiriki hata kidogo.

Ndiyo, wanaochunguza imani wanamchunguza na Mungu wa parokiani, kwa vipimo vile vile. Mwaka 2016 Benjamin Purzycki na wenzake walitoa matokeo ya mchezo waliouchezesha kwa watu 591 katika jamii nane, kuanzia Wahadza wa Tanzania hadi Siberia, Fiji na Brazili. Unapewa sarafu 30, dadu na vikombe viwili. Kikombe kimoja ni cha mtu wa dini yako anayeishi mbali, usiyemjua. Kingine ni chako au cha watu wa kijijini kwako. Unachagua kikombe moyoni bila kusema, unarusha dadu; rangi moja ikitokea, weka sarafu kwenye kikombe ulichochagua, ikitokea nyingine weka kwenye kile kingine. Uko peke yako. Kudanganya ni rahisi kabisa, maana uchaguzi uko moyoni. Ila ukihesabu sarafu za watu mia, udanganyifu unaonekana kama ugali ulioliwa pembeni. Waliosema Mungu wao anaona mioyo na anaadhibu, ndio waliompa yule wa mbali kwa haki zaidi.

Kuna wanaojenga juu ya hayo nadharia kubwa, Ara Norenzayan kwa mfano, kwamba Mungu anayeona yote ndiye aliyewawezesha watu wasiojuana kuishi mji mmoja. Wengine walipinga: mwaka 2019 jarida kubwa lilichapisha makala iliyosema miji ilitangulia na Mungu wa adhabu akafuata, halafu mwaka 2021 waandishi wenyewe wakaiondoa, kwa sababu penye historia isiyoandikwa walikuwa wamehesabu kama hapakuwa na imani hiyo. Nakueleza hili ili ujue hata sisi tunasoma kimya cha watu kama ushahidi. Kama kimya cha koko.

Na sadaka je? Ghana, Emmanuelle Auriol na wenzake waliwapa waumini wa kanisa moja la Kipentekoste bima ya mazishi. Waliopata bima walitoa sadaka kidogo kuliko wasiopata. Nililiwasilisha hilo mbele ya mapadri, mmoja akacheka mpaka akatoa kitambaa. Inaonekana sehemu ya sadaka ni kumwomba Mungu atulinde na majanga, na mwenye kinga nyingine analegeza mkono.

Je, haya yanamwondoa Mungu? Hapana, wala hayamleti. Naweza kukueleza ni sehemu gani ya ubongo na mafunzo gani ya shule vinavyomwezesha mwanafunzi wako kujua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, na saba mara nane itabaki hamsini na sita nikimaliza kueleza. Njia ambayo wazo limepita kuingia kichwani haikuambii kama lina ukweli. Hili linahusu Mungu, na kwa haki linahusu na ulozi pia. Siwezi kukuthibitishia kwa saikolojia kwamba hakuna mlozi duniani. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba njia iliyotumika kulipata jina la koko, ile ya nani hakulia, ingetoa jina kwa kifo chochote, hata kama mlozi hayupo kabisa. Kipimo kinachotoa malaria kwa kila damu hata infirmie wako angekitupa. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Ni lugha yake.

Tena usiende na hotuba ya sayansi. Mazuku anayajua. Nenda jioni, kaa, nyamaza kwanza. Mimi nikisikia baba amemtaja mama yake, nasikia chini yake sauti nyingine: shimo lile nililijua, sikulifukia. Kama mkuki wa pili haumo mkononi mwa koko, anahofia umo mkononi mwake mwenyewe. Ndiyo maana jina lilipoletwa lilipokewa haraka hivyo. Mpe kitu cha kufanya na mikono. Shimo lifukiwe kwa mawe, yapo ya bure kila mahali Goma, na ambalo halifukiki lizungushiwe uzio wenye kibao. Watu wafanye kazi hiyo mchana, jua likiwa kali na upepo upo, wala mtu asishuke ndani. Na usiwafundishe watoto wako kupima kwa mshumaa kana kwamba ukiwaka pako salama. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo gesi tayari ni mbaya kwa mtoto. Wafundishe kimo, na alfajiri, na kwamba mbuzi aliyelala shimoni hafuatwi.

Kuhusu sheria: Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ikafuata. Zimeandikwa kwa ajili ya watoto. Koko hamo humo. Lakini kumpiga, kumchomea nyumba, kumtishia ni makosa kwa mtu wa umri wowote, na shefu wa kartie anapaswa kujua leo kwamba yuko kwako na kwa sababu gani. Usisubiri kelele zianze. Ukimwandikia, weka nakala.

Bado kuna shirika lako, na hapo una nguvu kuliko mimi. Watu hawaamini kwa kusikia maneno tu. Wanaangalia msemaji amegharamia nini. Joseph Henrich aliandika mwaka 2009 kwamba tendo lenye gharama ndilo linalomshawishi anayetazama, kwa sababu mwongo asingelifanya. Wewe umeshalipa: mlozi kama angekuwepo, angekuwa analala chumba kimoja na wanao. Hakuna mahubiri yanayozidi hayo, ila yanafaa tu kama yanaonekana. Kwa hiyo usimfiche koko. Asubuhi apeleke watoto wako shule akiwa amewashika mikono, apite mbele ya kiwanja cha jirani. Akipika sombe, wanao waile nje, barazani. Na mkifanya ibada ya siku arobaini ya mtoto, mwombe padri mapema, koko akae benchi la mbele, kushoto kwako. Kama hatalia, mshike mkono wewe.